Mwenda Kwao si Mtumwa?

Wahenga walisema mwenda kwao si mtumwa. Methali hii hutajwa kwa furaha, mara nyingi stendi, mtu akiwa ameshapakia mizigo na basi limeshawashwa. Maana yake haina ugumu: anayerudi nyumbani hasukumwi na mtu, anakwenda kwa mapenzi yake, na hata akitembea usiku wa manane hana wa kumuuliza. Lakini ndani ya maneno hayo manne limejificha dai zito, kwamba kurudi nyumbani kwenyewe ni ushahidi wa uhuru. Ukimwona mtu anarudi kwao, huna haja ya kuchunguza zaidi. Miguu yake imeshatoa jibu. Nataka kulipima dai hilo, na kipimo changu ni njiwa wa mashindano, kiumbe ambaye kazi yake yote duniani ni kurudi nyumbani. Mahali pa kupimia ni Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Kigoma. Huko si mahali pa mashindano ya njiwa, ila swali la kurudi nyumbani halijawahi kuondoka, na siku hizi linaandikwa kwenye fomu.

Njiwa anayefugwa kwenye kibanda cha mbao juu ya nguzo uani na yule anayeshindania mamilioni Ulaya ni ndege wa aina moja, huyu tunayemwita njiwa manga. Mfugaji yeyote anajua kwamba ukinunua njiwa mkubwa sokoni ukamfungulia siku hiyo hiyo, umemrudishia muuzaji mali yake. Ndiyo maana mgeni hufungiwa majuma kadhaa, au hufungwa bawa kwa uzi, au hunyofolewa manyoya makubwa ili yatakapoota upya awe ameshazoea. Wengine hawazoei kamwe. Mwaka 2019 njiwa wa Kibelgiji aitwaye Armando aliuzwa kwa euro milioni 1.25, na mwaka 2020 jike aitwaye New Kim akauzwa kwa euro milioni 1.6, wote wawili walinunuliwa na Wachina. Ndege aliyenunuliwa hivyo, akiwa mkubwa, kwa kawaida haruki tena. Hufungwa maisha yake yote azalishe, kwa sababu akifunguliwa atajaribu kwenda kwao, na kwao si kwa aliyemlipia. Wanaofunguliwa ni watoto wake waliozaliwa ugenini, maana kwao ni hapo hapo ugenini. Msomaji aliweke hilo akilini, tutalirudia.

Mafunzo huanza kinda akiwa na umri wa majuma manne hivi, anapoanza kula mwenyewe na kabla hajajua kuruka. Akihamishiwa banda jipya katika umri huo, banda hilo ndilo atakaloliita kwao, ikiwa ndege huita. Kwanza huwekwa ndani ya tundu la waya juu ya paa, atazame miti, mapaa na vilima. Kisha hufunguliwa jioni, akiwa na njaa, muda mfupi kabla ya chakula. Mfugaji anatikisa kopo lenye mahindi au anapiga mluzi. Anayeingia anakula, anayechelewa anakuta wenzake wamemaliza. Njiwa mmoja anatosheka na gramu 30 hivi za nafaka kwa siku, na mfugaji hodari hazikadirii kwa kiganja, anazipima, kwa kuwa njiwa aliyeshiba hukaa juu ya mti akatazama kopo kana kwamba halimhusu. Msimu ukifika ndege hupakiwa matengani na kuachiliwa kilomita 5 kutoka bandani, halafu 10, 20, 40, 80, kwa kawaida kutoka upande ule ambako mashindano yatafanyika. Chakula nacho hubadilika na juma: mwanzoni chepesi, mashayiri kwa wingi; siku mbili tatu kabla ya kuruka huongezwa mahindi na karanga, awe na mafuta ya kuchoma njiani. Na ipo mbinu inayoitwa ujane. Dume hutengwa na jike lake juma zima, kisha siku ya kupakiwa huonyeshwa jike hilo dakika chache tu, pazia linafungwa, naye anatiwa tengani na kusafirishwa kilomita mia tano. Huyo atarudi kama mshale.

Wanasayansi wamebishana miaka mingi juu ya njia anayoitumia. Wako waliothibitisha kwamba hulisoma jua. Mmarekani William Keeton, mwaka 1971, aliwafunga njiwa sumaku akaona wanapotea siku za mawingu. Mwitaliano Floriano Papi akaja mwaka uliofuata na hoja ya harufu. Mfugaji hana haja kubwa na ubishi huo. Yeye hakumpa njiwa dira, alimkuta nayo. Anachofanya ni kuipangia dira hiyo sababu ya kuharakisha.

Sasa mtazame ndege huyo akiwa angani. Hana kamba mguuni isipokuwa pete ya kumtambulisha. Hakuna mtu anayemfukuza kwa nyuma wala anayemvuta kwa mbele. Anga lote ni lake; mashamba ya mtama yapo chini, miti ya kulala ipo, majike wengine wapo. Ukimwambia mfugaji kwamba anamlazimisha njiwa wake kurudi atakucheka, na hatakuwa anasema uongo: hakuna aliyemgusa. Lakini kazi yote ilikwisha kufanyika chini, kabla tenga halijafunguliwa. Ilifanywa na kopo, mizani na pazia. Angani njiwa anafanya anachotaka, na anachotaka ndicho kilichotengenezwa. Basi jibu la kwamba hakuna aliyemgusa halimalizi jambo, kwa kuwa aliyetaka kuiba uhuru wa kiumbe hana haja ya kukishika kikiwa njiani. Inamtosha kupanga mahali kinapotoka na mahali kinapofikia. Hapa ndipo methali yetu inapoanza kuyumba. Kurudi hakusemi chochote juu ya uhuru mpaka tujue kubaki kungekuwaje.

Kiswahili chenyewe kimetupa maneno mawili ya kulipambanulia jambo hili, nasi tumeyachanganya kwa uvivu: hiari na ridhaa. Yote mawili yametoka Kiarabu, na mafakihi wa madhehebu ya Hanafi waliyatenganisha kwa makini katika mlango wa ikrahi, yaani kulazimishwa. Mtu akiambiwa auze shamba lake au afungwe, naye akauza, mafakihi hao wanasema amechagua: aliwekewa mambo mawili akashika moja, kwa hiyo kuchagua kupo. Kisichokuwepo ni ridhaa, kule kuridhika kwa moyo, na kwa sababu hiyo mauzo yake yana kasoro, maana Kurani katika Surat An-Nisaa imeifanya biashara halali kuwa ile ya kuridhiana. Mashafii, ambao ndio wengi katika Waislamu wa pwani yetu, ni wakali zaidi: mauzo ya aliyelazimishwa pasipo haki hayakufunga kabisa. Aristotle naye alilikaribia jambo hili alipomzungumzia nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Hakuna aliyeushika mkono wake, lakini hakuna mwenye akili anayetupa mali yake hivi hivi. Mafakihi, naona, waliona mbali zaidi yake kidogo, kwa kuwa waliuliza dhoruba imetoka wapi. Dhoruba ya Mungu ni jambo moja, na dhoruba iliyopikwa na mnunuzi wa shehena ni jambo jingine.

Waha wa Kasulu na Kibondo wanaijua dhoruba ya kupikwa. Wakati wa ukoloni nchi yao ya Buha iligeuzwa kuwa chimbuko la vibarua. Kodi ililipwa kwa fedha, na fedha hazikupatikana kwa urahisi katika tawala zao za Heru na Muhambwe. Zilipatikana kwenye mkonge, Tanga na Morogoro, upande wa pili wa nchi. Hakuna aliyefungwa kamba kupelekwa huko. Mtu aliandikishwa mkataba, akapewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba, akapanda treni ya Reli ya Kati, akakata mkonge na kujaziwa kipande chake siku baada ya siku. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU. Kwenye makaratasi ya serikali kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya hiari, na kwa maana ya Kihanafi ilikuwa hivyo kweli: Muha alichagua mkonge badala ya kusakwa kwa kodi. Mkataba ukiisha alirudishwa kwao. Alitolewa kwao na hesabu aliyopangiwa na mwingine, akarudishwa na hesabu hiyo hiyo, na njiani, kwenda na kurudi, hapakuwa na aliyemshika mkono.

Nyanda hizo hizo zikawa mahali pa kupokea. Warundi walivuka mpaka baada ya mauaji ya 1972, wakavuka tena Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, wakavuka tena mwaka 2015. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita Kivu Kusini, na miaka 19 baadaye ikabidi Warundi nao waingizwe humo. Nduta, Kibondo, ikafunguliwa upya. Mtendeli nayo ikafunguliwa upya, Kakonko, wilaya iliyokatwa kutoka Kibondo. Mwaka 2017, baada ya Tanzania, Burundi na UNHCR kukubaliana, misafara ya mabasi ya kurejea kwa hiari ilianza, na watu zaidi ya laki moja wamesharudi kwa njia hiyo. Neno hiari halikuwekwa kama pambo. Mkataba wa OAU wa 1969 juu ya wakimbizi wa Afrika, katika ibara yake ya tano, unakataza mkimbizi kurudishwa bila ya matakwa yake.

Tutazame basi chini, kabla tenga halijafunguliwa. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, na kutoka ni kwa kibali. Akikaa humo anategemea mgao, ambao kipimo chake kamili kwa mtu mmoja ni kilokalori 2,100 kwa siku. Mwaka 2017, mwaka ule ule wa mabasi, WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilipunguza mgao kwa sababu fedha za wafadhili hazikufika. Mwaka huo huo mpango wa majaribio wa kuwapa baadhi ya watu wa Nyarugusu fedha taslimu badala ya nafaka ukasitishwa. Mwaka 2023 mgao ukashushwa hadi nusu ya kipimo. Mkimbizi aliye Nduta, mwenye nusu ya chakula na asiye na shamba, akiandika jina lake kwenye orodha ya basi, amechagua. Sina shaka na hiari yake. Swali langu ni la ridhaa.

Pingamizi la kwanza litakuja kwa hasira, na hasira hiyo ni ya haki: binadamu si njiwa. Ndege hana hoja, hana kumbukumbu ya makaburi ya wazazi, hawezi kukaa usiku na mkewe wakapima faida na hasara. Nakubali yote. Lakini tofauti hiyo inaizidishia hoja uzito badala ya kuipunguzia. Njiwa haulizwi lolote, kwa hiyo hakuna anayemwandikia kwamba amekubali. Binadamu huulizwa, na jibu lake hutumiwa baadaye kama hati. Kinachofanana si njiwa na mkimbizi. Ni kopo na mgao, na hapo anayeaibika ni mwenye kopo. Atakayesema tena kwamba mgao haukupunguzwa na yule anayepanga mabasi, amesema kweli. Njiwa ana mfugaji mmoja mwenye nia moja, ilhali kambi ina ofisi nyingi, na fedha zinakauka katika miji mikuu ya mbali ambako hakuna anayeijua Nduta iko wapi. Hilo linamwondolea lawama mtu mmoja mmoja. Halimrudishii ridhaa mwenye njaa. Mafakihi hawakusema ikrahi inakwisha ikiwa walioleta vitisho ni wengi na hawakupatana.

Wako pia wanaorudi kwa furaha ya kweli, nao si wachache wa kupuuzwa. Wana viwanja, ndugu, kilima kinachojulikana kwa jina la babu. Sisemi kurudi ni kubaya. Nasema kwamba ukisimama kando ya barabara ya Kibondo ukayatazama madirisha ya mabasi, huwezi kumtenga anayekwenda kwao na anayeikimbia njaa. Wote wawili wanaelekea upande mmoja, pengine wote wawili wanaimba. Na huyo mwenye furaha anadhulumiwa kwa namna yake: ridhaa yake ya kweli imetiwa gunia moja na isiyo ya kweli, haiaminiki tena.

Liko jambo jingine ndani ya neno kurudi, na hapa namkumbusha msomaji wale watoto wa njiwa waliozaliwa ugenini. Aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1997 amefika umri wa kuwa na watoto wake, na watoto hao wamezaliwa hapo hapo. Miti anayoijua ni ya Kasulu. Kirundi cha majirani zake Warundi kambini kinasikilizana na Kiha cha kijiji cha jirani kiasi kwamba sokoni hakuna anayehitaji mkalimani, na wazazi waliokuja na Kifuliru au Kibembe kutoka Kivu wamelea watoto wanaotaniana kwa Kiswahili. Huyu akipandishwa basi tunasema anarudi. Anarudi wapi? Mfugaji wa njiwa, ambaye hatumsifu kwa huruma, hawezi kufanya kosa hilo la lugha. Hasemi kinda aliyeangulika China anarudi Ubelgiji kwa sababu mama yake alitoka huko; akimpeleka Ubelgiji na kumfungulia, anajua amempoteza. Sheria za uraia zina sababu zake za kumfuata mtoto kwa damu ya mzazi, na sijadili hapa kama ni nzuri. Nasema tu kwamba kwa kijana huyo kitenzi sahihi ni kwenda, au kuhamia, au kupelekwa. Neno kurudi linampa kumbukumbu asiyokuwa nayo, kisha linaitumia kumbukumbu hiyo kama kibali chake.

Wakristo watanikumbusha mwana mpotevu wa Injili ya Luka, na hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Kijana yule alirudishwa na nini kama si njaa? Alikuwa analisha nguruwe, akatamani chakula chao, ndipo akazingatia moyoni akaondoka. Baba hakumuuliza kama amerudi kwa ridhaa au kwa tumbo, alimkimbilia akamkumbatia. Basi njaa yaweza kuwa njia ya neema, na sisi ni nani hata tuikague? Lakini soma tena nani alifanya nini. Baba alikuwa amempa mwanawe urithi wake wote kabla hajaondoka, wala hakufunga mlango nyuma yake. Njaa iliingia katika nchi ya mbali yenyewe, baba hakuipeleka. Mfikirie baba mwingine, ambaye ametuma watumwa wake wakanunue nafaka yote ya nchi ile, kisha akakaa barazani kumngoja mwana arudi na majuto. Mwana angerudi vile vile, kwa barabara ile ile, na maneno yale yale ya toba mdomoni. Karamu ingekuwa nyingine kabisa, na sidhani kama kuna padri au mchungaji ambaye angeihubiri. Njaa inaweza kumfungua mtu macho, nakubali. Haimpi mtu mwingine ruhusa ya kuitengeneza, wala kuiacha ikae kwa sababu inamfaa.

Mwanafalsafa naye atakuja na lake: ukidai matakwa yasiyotengenezwa na yeyote, hutayapata popote. Samaki mkunje angali mbichi. Mzazi anamkunja mtoto, chuoni anakunjwa kwa sauti ya mwalimu, katekista anamkunja kwa maswali na majibu. Je, sala ya mtu mzima aliyelelewa kusali ni ya njiwa aliyesikia kopo? Sivyo, kwa sababu malezi na mafunzo ya mashindano yanakwenda pande mbili tofauti. Mzazi mwema anampa mtoto kusoma, kulima, kuhesabu, kuchagua rafiki, yaani anamwongezea milango, na kazi yake inafanikiwa siku mtoto anapoweza kuishi bila yeye. Mfunza njiwa anapunguza milango mpaka ubaki mmoja, na kila msimu anaanza upya kupima gramu, maana njiwa aliyeachwa bila kopo hatimaye hupata mti. Kama unataka kujua uko mbele ya malezi au mbele ya kopo, tazama mwenye kufunza anavyopokea habari kwamba aliyefunzwa hamhitaji tena.

Wenyeji wa Kasulu na Kibondo wana haki ya kunikatiza hapa. Ni rahisi kuzungumza ridhaa kwa mtu ambaye msitu wake haukukatwa kuni, ambaye shamba lake halikupakana na kambi kwa robo karne. Wamechoka, na kuchoka si dhambi. Tena ni watu wa nchi ambayo rais wake, Mwalimu Nyerere, alipewa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ukarimu huu huu. Lakini methali ya ukarimu wetu iko wazi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haikusema siku ya tatu mwonyeshe njia. Katika makambi ya Kigoma siku ya tatu ilifika zamani na jembe halikutolewa. Mgeni ameachwa amekaa, kisha analaumiwa kwa kukaa. Mwenyeji aliyechoka akisema sasa basi, na serikali yake ikaamua kuwaondoa wageni, huo ni uamuzi wa kisiasa unaoweza kujadiliwa, kutetewa, hata kushtakiwa mbele ya mkataba wa 1969. Uitwe kwa jina lake. Ukiitwa hiari, hakuna wa kuujadili.

Na ushahidi kwamba njia nyingine inawezekana hauko mbali. Warundi wa 1972 waliopelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa jembe: ardhi, mashamba, na baada ya miaka kadhaa wakaacha kulishwa. Mwaka 2007 waliulizwa, mmoja mmoja, kama wanataka kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Karibu wanne katika kila watano walichagua kubaki, na watu 162,000 hivi wakakubaliwa uraia mwaka 2010. Mimi nawatazama zaidi wale wengine, mmoja katika kila watano, waliosema tunarudi. Waliacha mashamba yanayozaa. Uraia walikuwa wakiupata, wakauacha. Hakuna aliyewapimia gramu. Hawa ukiwaambia mwenda kwao si mtumwa, methali inasimama kwa miguu yote miwili, na haihitaji fomu ya kuithibitisha.

Kuna kisa katika elimu ya hadithi za Mtume ambacho wanafunzi hufundishwa kama mfano wa uzushi. Khalifa Al-Mahdi wa Baghdad, aliyetawala kuanzia 775 hadi 785, alipenda sana kuchezesha njiwa. Mtu mmoja mpokezi wa hadithi, Ghiyath bin Ibrahim, aliingia kwake akasimulia hadithi inayohusu mashindano ya ngamia, farasi na mishale, kisha ili amfurahishe akaongeza neno moja: bawa. Khalifa alimpa zawadi ya dirhamu elfu kumi. Mtu alipotoka, khalifa alisema ametambua uongo, akaamuru njiwa wachinjwe. Mimi huwahurumia njiwa, waliochinjwa kwa kosa la mwanachuoni. Ila kisa kinafaa kwa kuonyesha jinsi neno moja dogo, likiongezwa mahali panapompendeza mkubwa, linavyoweza kuharibu maneno yote ya kweli yaliyolitangulia. Neno hiari laweza kuongezwa hivyo hivyo.

Njiwa wa kwanza wa Nuhu alirudi safinani, na Mwanzo inaeleza sababu bila kuficha: maji yalikuwa yamefunika nchi, hakuona pa kutua. Hakuna mhubiri anayesema alirudi kwa kuipenda safina. Wa mara ya pili alirudi jioni na jani la mzeituni. Wa mara ya tatu hakurudi, na Nuhu, ambaye kwa hesabu za mashindano alikuwa amempoteza ndege, aliichukua kuwa habari njema.

Fomu ya kurejea ina mahali pa sahihi, na kwa asiyeandika, pa dole gumba. Kwa wote wanaozijaza, wanaozishuhudia na wanaozihesabu, Nduta na Nyarugusu, ombi langu ni mistari miwili tu ya ziada chini ya neno hiari: mgao wa juma hili ulikuwa kiasi gani, na angesema hapana angelala wapi.